Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujalipia Usomaji wa DNA

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi na watafiti wanaotaka kutumia huduma za maabara zinazosoma DNA kwa wingi, yaani zile zenye mashine zinazosoma mamilioni ya vipande vya vinasaba kwa wakati mmoja. Nimewajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia hesabu ya data hadi siku ya kupokea matokeo. Suala la ubora wa DNA nimelikalia zaidi ya mengine, kwa kuwa fedha nyingi za utafiti hupotelea hapo, wiki kadhaa kabla mashine haijawashwa.

Swali: Daktari, mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa tiba ya mifugo hapa Kabete. Nimekusanya bakteria 40 wa aina ya Staphylococcus aureus kutoka kwa maziwa ya ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele katika Kaunti ya Kiambu, na ninataka kujua ni jeni zipi zinazowapa usugu dhidi ya dawa. Maabara imeniuliza ninahitaji data kiasi gani, nami sikuwa na jibu. Mwenzangu ananishauri ninunue kiasi kikubwa kabisa ambacho fedha zangu zinaweza kulipia. Je, nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize kabla hujapiga hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Jenomu ya bakteria huyo, yaani DNA yake yote, ina herufi zipatazo milioni 2.8. Mashine haiisomi kutoka mwanzo hadi mwisho. Husoma vipande vifupi vilivyotoka kila mahali bila mpangilio, kwa hiyo kila herufi inapaswa kusomwa mara nyingi ndipo uwe na hakika nayo. Kwa kazi ya kutafuta jeni za usugu na kulinganisha nasaba za bakteria, kusoma kila herufi mara 50 hadi 100 kunatosha. Tuchukue mara 100: kila bakteria atahitaji herufi milioni 280, na wote 40 watahitaji bilioni 11.2. Mashine ya Illumina MiSeq, ikitumia vitendanishi (kemikali za kazi) vya kusoma herufi 300 kutoka kila upande wa kipande, hutoa herufi zipatazo bilioni 13 hadi 15 kwa mzunguko mmoja. Bakteria wako wote wanaenea katika mzunguko huo, na nafasi kidogo inabaki, nayo utaihitaji kwa sababu sampuli hazigawani data kwa usawa hata zikichanganywa na fundi hodari. Ukisoma mara 300 badala ya mara 100, hutapata jeni mpya yoyote ya maana; utapata faili kubwa zaidi na akaunti tupu.

Ningependa fedha hizo zikusaidie kwingine. Jeni nyingi za usugu hukaa kwenye plasimidi, yaani viduara vya DNA vinavyohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na pembeni yake huwa na mifuatano inayojirudia ambayo ni mirefu kuliko kipande chochote ambacho MiSeq inaweza kusoma. Programu ya kuunganisha vipande ikifika hapo hukwama: itakuambia kwamba jeni ipo, lakini haitaweza kukuambia kama iko kwenye kromosomu au kwenye plasimidi. Kwa mtu anayechunguza jinsi usugu unavyoenea kutoka zizi moja hadi jingine, hilo ndilo swali lenyewe. Chagua bakteria watano au sita wanaowakilisha makundi uliyoyapata, uwasomeshe pia kwa mashine ya Oxford Nanopore, ambayo husoma vipande vya maelfu, hata makumi ya maelfu, ya herufi. Mashine hiyo hukosea zaidi pale herufi moja inapojirudia mfululizo, mathalani A saba au nane kwa pamoja, lakini vipande vifupi vya Illumina ulivyo navyo tayari vitasahihisha sehemu hizo. Kwa njia hiyo utapata jenomu chache zilizokamilika kabisa, na hizo nyingine utazilinganisha nazo.

Swali: Hujambo Daktari. Ninafanya uzamifu Juja, na nimetoa DNA kutoka kwa majani ya mikorosho niliyoyachuma Kilifi. Kipimo cha hapa chuoni, NanoDrop, kilionyesha nanogramu 180 kwa kila mikrolita. Maabara niliyoipelekea sampuli imenijibu kwamba zina nanogramu 22 tu na kwamba haiwezi kuendelea. Nani ananidanganya? Nimeshalipa malipo ya awali.

Jibu: Hakuna anayekudanganya, dada, vipimo hivyo viwili havipimi kitu kimoja. NanoDrop hupitisha miale ya urujuanimno katika tone la sampuli na kuangalia ni kiasi gani kimefyonzwa katika urefu wa wimbi wa nanomita 260. DNA hufyonza miale hiyo, lakini RNA, yaani nakala za jeni ambazo seli hutengeneza kutoka kwenye DNA, pia huifyonza, na vilevile vipandepande vya vinasaba vilivyovunjika na baadhi ya kemikali zilizobaki katika hatua za usafishaji. Kipimo cha maabara, ambacho bila shaka ni Qubit au mwenzake, hutumia rangi inayong'aa pale tu inaposhikana na DNA yenye nyuzi mbili. Mashine ya kusoma inahitaji hiyo DNA ya nyuzi mbili, kwa hiyo nambari ya kuzingatia ni 22.

Rudi kwenye karatasi ya NanoDrop uangalie uwiano wa aina mbili ambao watu wengi huuruka. Wa kwanza ni wa ufyonzaji katika nanomita 260 kwa 280, ambao kwa DNA safi hukaribia 1.8, ukishuka chini ya hapo mara nyingi kuna protini, na ukielekea 2.0 kuna RNA nyingi. Wa pili ni wa 260 kwa 230, ambao unapaswa kuwa kati ya 2.0 na 2.2. Majani ya mkorosho yana fenoli na sukari za aina nyingi, na vitu hivyo huonekana kwenye uwiano huu wa pili. Ukiukuta kwenye 0.7 au 0.9, usishangae vimeng'enya vya maabara vikigoma hata kama DNA ipo, kwa sababu fenoli huzuia kazi yao.

Kisha pitisha sampuli zako kwenye jeli, ambamo umeme huisukuma DNA isafiri, na tafadhali usikubali kuambiwa kwamba jeli imepitwa na wakati. DNA nzima huonekana kama mstari mmoja mnene karibu kabisa na kishimo ulimomimina sampuli, kwa kuwa molekuli ndefu hazisafiri mbali. Ukiona ukungu uliotambaa kutoka juu hadi chini, DNA imekatikakatika. Ukiona mstari safi juu na wingu chini kabisa, wingu hilo kwa kawaida ni RNA, na kwa jinsi vipimo vyako vilivyoachana ninatarajia kwamba ndilo utakaloliona. Dawa yake ni kimeng'enya cha RNase, kisha kusafisha tena na kupima tena kwa Qubit. Uwiano wa pili ukiwa bado mbaya, rudia utoaji kwa njia ya CTAB (sabuni maalumu ya kutolea DNA) iliyoongezwa PVP, kemikali inayonasa fenoli, na utumie majani machanga, kwani majani yaliyokomaa yana fenoli nyingi zaidi. Majani utakayoyachuma safari ijayo yakaushe mara moja kwa chembe za silika ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, badala ya kuyaacha yanyauke njiani kutoka Pwani.

Kuhusu malipo yako, iandikie maabara uombe sampuli mbadala zipokelewe chini ya oda ile ile. Maabara nyingi hukubali iwapo kazi ya kuandaa vipande vya DNA kwa ajili ya mashine haijaanza, na hiyo ndiyo sababu ya kuzishukuru zile zinazopima kabla ya kuendelea. Ya kuogopwa ni maabara inayopokea kila kitu bila kupima, ikakutumia ankara pamoja na data mbovu.

Neno moja kwa wanaofanya kazi na damu, kwa kuwa nao huandika mara kwa mara: chukueni damu katika mirija ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande), ambayo kwa kawaida huwa na kifuniko cha zambarau. Heparini, kizuizi kingine cha damu kuganda, hubaki na DNA hata baada ya usafishaji na huzuia PCR, yaani hatua ya kunakili DNA kwa wingi. Na kwa wanaotaka vipande virefu vya Nanopore au PacBio, msitikise mirija kwa mashine, wala msigandishe na kuyeyusha DNA mara kwa mara, maana kila tendo la namna hiyo hukata molekuli mnazozihitaji zikiwa nzima.

Swali: Nina kipande kimoja cha jeni, chenye herufi 650, kutoka kwa mbu 5 wa Kisumu. Ninataka kuhakikisha spishi yao tu. Nianzie mashine gani kubwa?

Jibu: Hakuna. Tumia njia ya Sanger, ambayo Frederick Sanger na wenzake waliichapisha mwaka 1977 na ambayo hadi leo husoma herufi 700 hadi 900 kwa usahihi mkubwa. Mpeleke kila mbu asomwe kutoka pande zote mbili, ulinganishe matokeo na hifadhidata za umma, na kazi itakuwa imekwisha. Ukifikisha mbu mia kadhaa, tuandikie tena.

Swali: Daktari, ninachunguza jeni zinazowashwa na ukame katika mahindi, shambani Machakos. Fedha nilizonazo zinaniruhusu kusoma sampuli 6 za RNA, kila moja vipande milioni 60, au sampuli 12, kila moja vipande milioni 30. Msimamizi wangu anapendelea kina kikubwa, yaani vipande vingi kwa kila sampuli. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Jibu: Mwonyeshe hoja hii kwa upole, sidhani kama ataikataa. Ukisoma RNA ya mmea mmoja kwa kina kirefu, utaujua mmea huo vizuri mno, lakini hutajua kama mimea mingine iliyokosa maji ilifanya vivyo hivyo. Tofauti kati ya mmea na mmea, hata wa mbegu moja katika shamba moja, ni kubwa kuliko makosa ya mashine, na takwimu haziwezi kuipima tofauti hiyo bila kuwa na mimea kadhaa katika kila kundi. Mimea 3 kwa kila kundi ndicho kiwango cha chini ambacho majarida mengi hukivumilia. Mimea 6 itakupa uwezo mkubwa zaidi wa kutambua jeni ambazo mabadiliko yake ni ya wastani. Vipande milioni 30 vinatosha kabisa kwa kuhesabu jeni za mahindi. Kina cha milioni 60 kingekuwa na maana kama ungekuwa unatafuta namna tofauti ambazo jeni moja hukatwa na kuunganishwa, au jeni zinazojitokeza kwa nadra sana, na wewe hutafuti hayo. Ninaunga mkono sampuli 12, bila kusita.

Mtu atakushauri uchanganye RNA ya mimea mitatu katika mrija mmoja ili kuokoa fedha. Kataa. Ukichanganya, umeifuta tofauti ile ile uliyotaka kuipima, na hakuna programu itakayoirudisha.

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wako zaidi. Usitoe RNA ya mimea yote iliyokosa maji Jumatatu na ya iliyonyweshwa Jumanne. Usipange kundi moja upande wa kushoto wa sahani ya vishimo 96 na kundi jingine upande wa kulia. Ukifanya hivyo, tofauti za siku, za kitendanishi na za mkono wa fundi zitakaa juu ya tofauti ya ukame, na hutaweza tena kuzitenganisha. Piga kura ya mpangilio wa sampuli, uuandike, na uiombe maabara iufuate wakati wa kuandaa vipande. Nimesoma tasnifu ambazo mwanafunzi alifanya kazi kwa bidii miaka mitatu na swali lake likabaki bila jibu kwa sababu ya mpangilio wa sahani peke yake, na inaumiza kuona hivyo, kwa kuwa kurekebisha mpangilio mapema hakugharimu hata shilingi moja.

Majani yenyewe yatie katika naitrojeni iliyo kimiminika palepale shambani, uyahifadhi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. RNA haingoji matatu ya kurudi mjini.

Swali: Mimi ni mtafiti wa afya ya umma, hapa Nairobi. Tunalo kundi la sampuli za DNA ya binadamu, na maabara moja ya ng'ambo imetupa bei nzuri kuliko za hapa. Tunahitaji vibali gani, na je, kuna ubaya wowote kuzipeleka nje?

Jibu: Si vibaya, ila kuna mlolongo wa mambo ambao hauwezi kurukwa. Kwanza ni idhini ya kamati ya maadili iliyoidhinishwa, na fomu ya ridhaa ambayo washiriki walitia sahihi inapaswa kutamka wazi kwamba DNA yao itasomwa na kwamba inaweza kusafirishwa nje ya nchi. Kama haitamki hivyo, hamwezi kuwasemea. Pili ni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tatu ni kibali cha Wizara ya Afya cha kusafirisha sampuli, pamoja na mkataba wa uhamishaji wa sampuli unaoeleza zitatumika kwa kazi gani na mabaki yatateketezwa au yatarudishwa. Nne, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu data ya kijenetiki kuwa data nyeti ya mtu binafsi, kwa hiyo hata faili zenyewe, mbali na mirija, zina masharti zinapovuka mpaka. Ondoeni majina, mtumie namba za siri, na ufunguo wa namba hizo usiondoke katika taasisi yenu.

Wanaosoma mimea, wadudu au wanyamapori wa Kenya wasidhani kwamba hayo hayawahusu. Kenya ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida zake, na kanuni za NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) za mwaka 2006 zinakataza kuhamisha rasilimali za kijenetiki nje ya nchi bila mkataba wa uhamishaji.

Sasa kuhusu bei. Ongezeni kwenye ile bei nzuri gharama ya kifurushi chenye barafu kavu, ambayo ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri na ambayo mashirika ya ndege huiweka katika kundi la bidhaa hatari, hivyo uzito wake lazima uandikwe juu ya boksi, na boksi lenyewe lisizibwe kabisa, kwani gesi inayotoka inaweza kulipasua. DNA iliyokaushwa vizuri inaweza kusafiri bila barafu hiyo. RNA haiwezi kusafiri hivyo pasipo kemikali maalumu ya kuihifadhi. Ongezeni pia gharama ya kifurushi kukwama forodhani mwishoni mwa juma.

Mimi hupendelea kazi ifanyike hapa kila inapowezekana, na sisemi hivyo kwa uzalendo mtupu. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo pale Kabete, imekuwa na jukwaa la kusoma jenomu kwa miaka mingi. Wakati wa korona, virusi vilivyokuwa vikizunguka nchini vilisomwa Kilifi katika maabara za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome la Uingereza. Na jenomu ya njahi, zao ambalo mama zetu wa Mlima Kenya wamelipika kwa vizazi, ilichapishwa mwaka 2023 katika kazi iliyoongozwa na watafiti wa Afrika. Maabara ikiwa umbali wa matatu mbili, unaweza kwenda kuiona jeli ya sampuli zako, ukazungumza na fundi aliyezishika, na mwanafunzi wako akajifunza kwa kutazama. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, hayo yana thamani kubwa kuliko akiba. Ikiwa kubwa mno, tumeni nje bila kuona haya.

Swali: Daktari, tulipeleka sampuli 30 za vijiti vya puani vya watoto ili tujue jamii za bakteria. Tumetumiwa ripoti nzuri yenye picha za rangi, lakini inaonyesha bakteria wengi wa Bradyrhizobium na Ralstonia, ambao nimeambiwa ni wa udongoni na majini. Je, watoto wetu wanavuta vumbi la shamba? Hatuna faili nyingine zaidi ya ripoti hiyo.

Jibu: Kabla ya kuandika lolote kuhusu vumbi, washukuni vitendanishi. Majina hayo mawili ni maarufu miongoni mwa bakteria ambao DNA yao hukutwa ndani ya vifaa vya kutolea DNA na ndani ya maji ya maabara. Sampuli ikiwa na bakteria wengi, kama kinyesi, uchafuzi huo humezwa usionekane. Kijiti cha puani kina DNA kidogo sana, kwa hiyo uchafuzi hupanda hadi juu ya orodha.

Anzeni kwa kudai data ghafi, yaani faili za FASTQ za kila sampuli, ambazo ndani yake kila herufi ina alama ya uhakika: alama ya 20 ina maana ya uwezekano wa kosa 1 katika herufi 100, na alama ya 30 ni kosa 1 katika 1,000. Faili hizo ni mali yenu kwa kuwa mmezilipia, na majarida yatawataka mziweke katika hifadhi ya umma kama ENA au SRA kabla ya kuchapisha. Daini pia alama za MD5, ambazo kompyuta hutumia kuthibitisha kwamba faili iliyofika haikukatika wakati wa kupakuliwa, na mhifadhi nakala mbili mahali pawili tofauti. Fanyeni haraka, kwani maabara nyingi hufuta data za wateja baada ya muda fulani.

Kisha ulizeni kama kulikuwa na sampuli tupu, yaani mrija uliopitishwa katika hatua zote bila kijiti ndani yake. Kama ulikuwepo na ulisomwa, mtakwimu wenu anaweza kulinganisha na kuondoa bakteria wanaoonekana humo. Kama haukuwepo, tazameni kwenye friji na kabati zenu: boksi la vifaa vya kutolea DNA lenye namba ile ile ya toleo likiwa bado lina mirija kadhaa, toeni sampuli tupu tatu au nne leo, kwa mikono ile ile na maji yale yale, mzipeleke zikasomwe kwa eneo lile lile la jeni ya 16S, jeni inayotumika kuwatambua bakteria. Boksi likiwa limeisha, mwandikieni muuzaji mkimtajia namba hiyo ya toleo, mwulize kama bado analo jingine.